Kikundi chetu cha mtaa kinasaidia kaya zenye shida, sa mnachaguaje wa kumpa? Na haya mambo ya picha tufanyeje?

MamaWawili_Mbagala

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa wale wenye uzoefu maana huku kwetu mambo yameanza kuwa mazito na kikao kinachofuata najua kutawaka moto.

Sisi ni kikundi cha mtaa huku Mbagala, wengi wetu ni kina mama tuliotokea kwenye kikoba, wababa wapo ila wachache. Mnajua kikoba kina mfuko wa jamii, ile hela ndogo ndogo ya kila wiki ambayo sio hisa, akifiwa mtu au akilazwa inachukuliwa humo. Basi siku moja mwenzetu akauliza hivi tunasaidiana wenyewe kwa wenyewe tu na nyumba ya pili hapo watu wanalala na uji wa chumvi, ndo tukaanza kutoa kapu. Kapu lenyewe la kawaida, unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, sabuni ya mche, na kama kuna mtoto mdogo tunaweka unga wa lishe. Wenye maduka na mafundi wa mtaani wakaanza kuchangia, sa hivi tuna kaya nyingi kuliko uwezo wetu na kila wiki kuna jina jipya.

Sasa shida inaanzia kwenye majina. Tuliletewa karatasi na mtu mmoja mwenye cheo mtaani eti ndo orodha ya wasiojiweza, kwenda kuzunguka tunakuta humo kuna mtu ana nyumba ya wapangaji sita na bajaji mbili. Halafu wale wenye shida ya kweli hawamo. Kuna dada mmoja mpangaji, mumewe alienda machimboni hajulikani alipo, ana watoto watatu, yule dada kila ukimpita anakusalimia vizuri kapendeza na khanga yake safi, hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Tulikuja kujua baada ya mtoto wake kuanguka mstarini shuleni, mwalimu kumuuliza umekula nini akasema jana mchana. Hapo alikuwa anakaa vyumba viwili tu kutoka kwa mweka hazina wetu!!

La pili picha. Kuna mfadhili wa mjini anatuletea viroba vya mchele, mtu mwema kabisa simlaumu kwa moyo wake, ila sharti lake kila anayepokea apigwe picha ameshika kiroba. Bibi mmoja alipigwa, picha ikawekwa status, status ikazunguka mpaka ikafika kwa mwanae Mwanza. Yule kijana alipiga simu akatutukana matusi ya nguoni, mnamfanya mama yangu ombaomba. Sasa hivi bibi akituona tunakuja anafunga mlango, na mchele anauhitaji na mwanae hatumi kitu.

Naombeni mwenye kikundi cha namna hii au aliyewahi kusaidiwa aseme ukweli, mnawapataje watu wenu na mnawapaje bila kuwaaibisha?

---

FundiBomba

Dada picha acheni, nitarudi hapo. Nianze na majina.

Huku kwetu Manzese sisi hatuendi kwa mjumbe kwanza, tunaenda kwa Mangi. Mtu wa kwanza kujua nyumba fulani imekwama ni mwenye duka, sio mwenyekiti, sio sheikh, sio mchungaji. Mangi anaona mtu aliyekuwa anachukua unga kilo mbili akashuka kilo moja, akashuka nusu, akaanza robo, mafuta ya kula alikuwa ananunua chupa sa hivi anatuma mtoto na kikombe apimiwe ya mia mbili. Halafu anaanza kukopa. Halafu anaacha kukopa, anapitia uchochoro wa nyuma asionekane dukani maana deni limekuwa kubwa. Huyo wa uchochoroni ndo wenu.

Tunachofanya tuna Mangi mmoja mwaminifu, tunamwachia hela, anafungua daftari dogo pembeni na lile la mikopo. Akija yule mama au akituma mtoto Mangi anamwambia tu "mama fulani una elfu kumi na tano yako hapa, chukua unachotaka." Basi. Anachukua anachotaka yeye, sio tunachodhani sisi anataka. Mmoja alichukua pedi za binti yake na mkaa, unga hakugusa, kumbe unga alikuwa nao wa kupika na nini ndo hakuna. Nyie mngempelekea kapu la unga mkaondoka mmefurahi.

Masharti yetu ni machache, hatoi sigara, hatoi pombe, hatoi vocha ya simu. Mwisho wa mwezi watu wawili wanakaa na Mangi wanapiga hesabu ya daftari, na hao wawili wanabadilika. Kwa deni la zamani tunaongea naye, mara nyingi anapunguza kidogo nasi tunamalizia, yule mama anarudi kupita mbele ya duka kama mtu. Jirani aliyesimama pale anaona mtu ananunua sukari basi.

---

Kidume_cha_Jiji

Mi naona mnawalea watu uvivu tu. Mtu ana mikono miwili na miguu anapewa mchele kila mwezi kwa nini afanye kazi? Wapeni jembe, sio samaki wapeni ndoano. Dar hii hela ipo nje nje ukitaka.

---

MamaWawili_Mbagala

@Kidume_cha_Jiji kaka yangu karibu Mbagala nikutembeze asubuhi saa kumi na moja uone nani amelala. Hao tunaowapa wengi wanafua nguo za watu, wanauza karanga, wanaponda kokoto. Hawana uvivu.

@FundiBomba hili la Mangi limeniingia aisee, ila wa kwetu ana mdomo kama redio 😅

---

Nyanya_Chungu

Naomba nimjibu Kidume maana mimi nimekaa upande wa kupokea, najificha nyuma ya jina la nyanya chungu kwa hiyo nitasema yote.

Nilikuwa na meza yangu ya nyanya vitunguu na hoho, nasomesha, nalipa kodi, sidaiwi. Mtoto akaugua, mtaji ukaenda hospitali, ndo nikachukua mkopo wa wale wa mtaani, kausha damu, wanaokupa leo bila maswali na kesho asubuhi wanataka rejesho. Kila siku rejesho. Yule kijana anakuja anakaa kwenye benchi la wateja wangu na daftari lake mpaka umpe, wateja wanamwona wanajua. Siku biashara mbaya unakopa kwa wa pili umlipe wa kwanza. Vyombo vikaenda, jiko la gesi likaenda, godoro la mtoto likaenda. Hiyo mikono miwili na miguu nilikuwa nayo kaka Kidume, na nilikuwa naamka saa tisa usiku kwenda sokoni Ilala kubeba mizigo ya watu.

Kikundi cha mtaani kwetu kilinikuta hivyo. Hawakuanza na kapu. Mama mmoja akaja jioni kama anakuja kusuka nywele, tukaongea, akaniuliza unadaiwa na nani na kiasi gani, nikasema kiasi nikaficha mmoja, akacheka akasema mtaje na wa mwisho. Wakaenda wanaume wawili wa kikundi kuongea na wale wakopeshaji, riba ya juu ya riba ikafutwa, kilichobaki kikalipwa na kikundi, mimi nawarudishia kikundi pole pole bila riba. Ndo wakanipa matenga mawili ya nyanya nianze tena. Chakula walinipa pia kile kipindi, maana mtu mwenye njaa akipewa mtaji anakula mtaji, hilo mlijue wote mnaopenda habari za ndoano.

---

Wa_Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristu, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu.

Mi niko Moshi, kwenye chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo parokiani. Wengi wanadhani ni mambo ya maparoko, hapana, ni chama cha walei, kilianzishwa Paris mwaka 1833 na vijana wa chuo, kiongozi wao Frédéric Ozanam alikuwa na miaka 20 tu. Walikuwa wanabishana na wenzao darasani, wakaulizwa nyie Wakatoliki mnaongea sana mmefanya nini kwa maskini wa mji huu? Ndo wakabeba kuni wakaanza kwenda majumbani. Kazi ile ile ndo tunafanya mpaka leo na tunamhudumia mtu yeyote, hatuulizi dini.

Sasa dada Mama Wawili, msingi wetu ni kutembelea, na tunatembelea wawili wawili. Sio mmoja, sio kundi. Mmoja akienda peke yake ataonewa huruma au ataonea huruma, na maneno ya mtaa hayaishi hasa kama ni mwanaume anaingia kwa mjane. Mkienda kumi ni msafara, mtaa mzima unatoka barazani. Wawili ni wageni tu. Mnakaa, mnaongea habari za mahindi na mvua, hamchunguzi nyumba kama polisi. Ila macho yanaona. Mimi naangalia jiko. Jiko la mkaa lenye majivu ya jana na la siku nyingi yanajulikana. Naangalia kama kuna mtu chumba cha ndani ambaye hatajwi, maana mara nyingi yuko mgonjwa au mtoto mwenye ulemavu amefichwa. TV siangalii kabisa, TV inaweza kuwa ya enzi mume yuko hai, sio ushahidi wa kitu chochote, naomba sana vikundi viache kuwanyima watu kwa sababu ya TV.

Mkirudi mnaripoti kwenye kikao na kinachosemwa pale hakitoki. Majina hayasomwi kanisani, hayabandikwi. Na kila kikao mwishoni unapitishwa mfuko, kila mmoja anaingiza mkono, anaweka alichonacho, hakuna anayejua nani kaweka elfu kumi na nani kaweka mia tano na nani hakuweka kitu. Hii imetusaidia kuliko nilivyotegemea, kwa sababu baadhi ya wanachama wetu wenyewe ni maskini, mwaka huu anatoa mwakani tunamtembelea yeye na wote tuko sawa.

Ila niseme ukweli kutembelea kunachosha. Kapu unapeleka dakika tano, kutembelea ni jioni nzima, na unarudi na mambo ambayo hayatatuliwi kwa unga. Unakuta bibi ana unga, ana mafuta, anachotaka ni mtu wa kumsomea barua ya baraza la ardhi maana shemeji anataka kumtoa shambani.

---

DadaWaZahanati

Nasalimia wote. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbeya, nyumba kwa nyumba ndo kazi yangu, nataka niseme kitu ambacho vikundi vingi vinasahau: msitumie hela yenu kununua kitu ambacho mtu ana haki ya kukipata bure. Kabla ya kutoa shilingi, uliza kwanza huyu anastahili nini serikalini na hajakipata kwa nini. Mara nyingi hajakipata kwa sababu ya nauli, au hajui aingilie mlango gani, au aliwahi kufokewa siku moja dirishani akaapa harudi.

Mfano matibabu. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, sera inasema wanatibiwa bila malipo. Mtu mwingine asiye na uwezo kabisa kuna msamaha, unapita kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, anakuhoji, na kinachosaidia ni barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayomtambua. Sasa mama mgonjwa ataenda lini ofisi ya mtaa, asubiri mtendaji, apate mhuri, apande daladala? Mwanakikundi mmoja akimsindikiza siku moja ameokoa hela ambayo mngechangishana wiki tatu. Kazi ya kusindikiza hamna anayeitaka kwa sababu haipigiki picha 😏

TASAF pia, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Upo toka mwaka 2000, ule mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, na kaya zilizofikiwa zilipita milioni moja nchi nzima. Majina ya mwanzo yanatokana na mkutano wa mtaa au kijiji, watu wanatajana pale hadharani, halafu kuna dodoso. Sasa mpangaji aliyehamia juzi kama huyo dada wa Mama Wawili nani atamtaja mkutanoni? Hata hajui mkutano upo. Kwa hiyo mkiwa na kikundi, mkutano ukiitishwa nendeni, mseme. Na anayepokea ruzuku wakati mwingine anakatwa kwa sababu masharti ya watoto kwenda shule na kliniki hayajatimia, mtoto hajaenda kwa sababu hana viatu, basi viatu hivyo ndo mnunue nyie.

Shule kadhalika, ada ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafika cha tano na sita. Kwa hiyo mtu akija anasema nisaidieni ada ya sekondari ya serikali ulizeni vizuri. Ila sare, daftari, mchango wa chakula, nauli, hivyo bado ni vya mzazi, na Januari ndo watoto wanapotelea nyumbani kimya kimya. Sisi tunakusanya sare zilizobana watoto wa watu kuanzia Novemba, zinafuliwa zinarekebishwa na fundi cherehani, zikifika Januari ni kama mpya.

Na hivi hivi mnavyotembea mkikuta mtoto anapigwa, amefungiwa, au kuna dalili za jambo baya zaidi, msilimalize kwenye kikao cha kikundi. 116 ni namba ya simu ya kuwasaidia watoto, bure, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Nimeshaona kikundi kinapeleka unga kwenye nyumba ambayo mtoto alitakiwa kutolewa siku ile ile.

Jambo dogo la mwisho, jiandikisheni halmashauri kama kikundi, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, haina riba, na kwa watu kama Nyanya Chungu ni afadhali mara mia kuliko kausha damu.

---

Bint_Likoni

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Bongo, mie niko Mombasa, nimeisoma thread yote na chai yangu imepoa.

Kwetu shida kubwa ni msimu. Ramadhani ikiingia kila mtu yuwatoa, mafutari kila pembe, nyumba moja yaweza kuletewa tende na maunga na kundi tatu siku moja. Zakatul-fitri ndiyo hiyo yatolewa kabla ya swala ya Idd, kila kichwa na pishi lake la chakula. Kisha mfunguo mosi ukiingia, kimya. Mfunguo pili hata simu hawashiki. Yule mama alokuwa na tende tele Ramadhani mwezi wa pili yake yuwakopa mkate.

Sisi tulikaa na wazee wetu wa msikiti tukasema fitri itoke kwa wakati wake kama sheria yataka, hilo halina mjadala, lakini sadaka za kawaida zigawanywe mwaka mzima. Na zaka yenyewe, ile asilimia 2.5 ya mwenye mali, tusiimege vipande vya shilingi mia tano mia tano tukagawa foleni, mtu achukua aenda nunua unga wa leo na kesho yuko pale pale. Twachagua watu wachache mwaka huo, mmoja alipiwa deni lake lote, mwengine akanunuliwa karai na jiko na mtungi wa gesi auze bajia na viazi karai nje ya kivuko. Mwaka unofuata hao hawamo kwenye orodha, mmoja wao hata alitoa yeye.

Wazee nao, kwa serikali ya huku kuna Inua Jamii, aliyefika miaka 70 apata shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini hela zikichelewa mzee yuwaishi vipi? Kikundi chetu huwa chakopesha wazee kwa dhamana ya hiyo pesa, ikija warudisha, haina faida juu yake. Hakuna mzee amewahi kula pesa yetu, wallahi wazee ndio walipaji wazuri kuliko vijana.

Kuhusu picha dadangu, sote twajua mkono wa kushoto usijue ulotoa wa kulia, na sisi mkono wenyewe twaupiga picha na kuuwekea muziki. Mfadhili ataka picha mwambie apige gunia.

---

Mswahili_Leicester

Hahaha apige gunia 😂😂

Wakuu mi niko Uingereza miaka mingi sasa, wikendi najitolea kwenye benki ya chakula ya hapa karibu na ninapoishi. Najua huko nyumbani wanadhani huku hamna njaa, njooni muone foleni ya wafanyakazi wa hospitali, watu wana kazi mbili na mshahara umeishia kwenye kodi ya nyumba na umeme. Na wabongo na wakenya wenzetu wapo, wengi hawaji kwa aibu mpaka hali iwe mbaya kabisa.

Mfumo wa huku mtandao mkubwa ni wa shirika la Trussell, benki yao ya kwanza ilianza mji wa Salisbury mwaka 2000. Kinachonivutia ni kwamba sisi tunaogawa sio tunaoamua nani anastahili. Mtu anakuja na vocha, yaani karatasi ya kumtambulisha, na vocha ametoa daktari wake, au shule ya mtoto, au ofisi ya ushauri wa raia, au mfanyakazi wa ustawi. Hao ndo wanamjua. Anapofika kwetu hatumhoji maisha yake, tunamkaribisha chai, tunamuuliza tu mko wangapi, kuna mtoto mchanga, kuna mzio wa chakula, anapewa chakula cha dharura cha siku tatu. Mama Wawili hii inawafaa kwa sababu inawatoa kwenye ugomvi wa majina. Mwalimu aliyeona mtoto ameanguka mstarini, nesi wa zahanati, mama lishe, Mangi, hao wawe ndo wanaoleta majina, na jina moja lisipite bila watu wawili tofauti kulijua. Yule bwana wa karatasi na bajaji mbili atakosa wa kumuunga mkono.

Swali jingine tunalouliza, na hili nilishangaa siku ya kwanza, ni "una kitu cha kupikia?" Kuna watu umeme umekatika, gesi imeisha, ukimpa mchele umempa mzigo. Wapo wana birika la umeme tu chumbani, wanaandaliwa vitu vya kumwagia maji ya moto tu ukala. Nimefikiria kapu lenu lina maharage makavu. Maharage yanataka mkaa wa saa mbili au tatu, na kopo la mkaa Dar siku hizi sio mchezo.

---

MamaWawili_Mbagala

Jamani nimesoma yote mara mbili, na nimesoma kwa sauti kwa katibu wetu hapa. La maharage limetuacha midomo wazi. Katibu anasema ndo maana yule mama wa kona alituuliza kama tunaweza kumbadilishia apewe dagaa, na sisi tukasema moyoni huyu naye anachagua!

Tulichokubaliana mpaka sasa: karatasi ya yule mheshimiwa tunaiweka pembeni kwa heshima, hatumgombezi maana bado tunahitaji mhuri wake kwa barua za hospitali 🙈 Mwalimu wa darasa la tatu na nesi wetu wameshakubali kuwa wanatuletea majina. Mangi mwenye mdomo hapana, ila kuna mama ana genge na duka dogo upande wa pili wa barabara, huyo hata mumewe hajui anauza shilingi ngapi, tutaongea naye. Kutembelea wawili wawili tutaanza na wale wanane ambao hatujawahi kuingia ndani kwao tangu tuanze kuwapa. @DadaWaZahanati, yule dada mpangaji kesho naenda naye mwenyewe kwa mtendaji.

Imebaki ya mfadhili. Mchele wake ni karibu nusu ya mchele wetu wote, nikimwambia apige gunia atacheka kweli au ataondoka nao?

---

FundiBomba

Usimwambie hivyo, huo ni utani wa Mombasa ukifika mjini Posta unakuwa tusi.

Mwelewe kwanza kwa nini anataka picha. Kuna anayetaka sifa, huyo huna dawa yake. Ila wengi wameshatapeliwa, wametoa mchele ukauzwa dukani, picha ndo ushahidi pekee alioambiwa upo. Sasa mpe ushahidi ulio mzito kuliko picha. Sisi wetu tunampelekea kila mwezi karatasi moja: mchele umeingia kilo kadhaa, umetoka kaya kadhaa, kwa namba sio kwa jina, kaya ya 7 watu watano, kaya ya 12 bibi na wajukuu wawili, saini za watu wawili waliopeleka, picha ya stoo kabla na baada, risiti za vitu vya kununua. Na tunamwambia siku yoyote bila taarifa aje achague namba mbili, tutamsindikiza akasalimie, kama hao wenye nyumba wameridhia. Alikuja mara moja. Alikaa kwa mzee mmoja fundi seremala wa zamani, macho yameingia mtoto wa jicho, wakaongea mpira wa enzi zile mpaka magharibi. Simu hakuitoa mfukoni, na baadae akauliza operesheni ya macho ni shilingi ngapi.

---

Wa_Jumuiya

Hapo kwa namba nakubali. Ila daftari lenye majina na namba likae kwa mtu mmoja na nakala kwa mwingine, lisiwe kwenye simu ya kikundi. Grupu za WhatsApp zinavuja.

---

Nyanya_Chungu

Na mmoja kati ya wanaosaidiwa au aliyewahi kusaidiwa awe kwenye kamati yenu. Mimi sasa hivi niko kwenye ya kwetu. Nawaambia vitu ambavyo wao hawawezi kuviona, mfano msipeleke kapu saa nne asubuhi siku ya kazi wakati kina mama wote wa uani wamekaa wanachambua mboga. Pelekeni saa moja jioni, kwenye mfuko mweusi wa kawaida wa sokoni.

---

DadaWaZahanati

Kabla thread haijaishia, mnafanyaje kwa wagonjwa wa kitandani? Huku nina mzee aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, binti yake aliacha kazi ya saluni amuuguze. Chakula wanapata. Anachokosa yule binti ni masaa.

---

Bint_Likoni

Zamu. Kwetu kuna mama alopata mtoto mwenye utindio wa ubongo, twakaa na mtoto Jumanne na Alhamisi asubuhi, wawili kwa zamu, yeye yuwaenda kuuza. Lakini kwanza alitufunza kwa subira, vipi kumlisha asipaliwe, vipi kumgeuza. Mwambie yule binti afunze wawili anaowaamini yeye, msimchagulie nyinyi. Na kwa mzee wa kiume tafuteni na mwanamume wa kumwogesha, wazee wetu wana haya. Pampasi za wakubwa ni ghali, sie twachukua kwa jumla duka la dawa, na mashuka mazee ya watu twakata kwa kutandikia chini.

---

MamaWawili_Mbagala

Nimeandika hiyo ya zamu. Kikao Jumamosi saa kumi, mnaotaka mrejesho nitaweka hapa hapa. @Kidume_cha_Jiji ile ofa ya saa kumi na moja asubuhi bado ipo, viroba vya Jumapili vinahitaji mtu wa kubeba.

---

Kidume_cha_Jiji

Nina guta. Niambieni sehemu.